Bwana Nyoka wa Liwale

Huenda umewahi kuwaona wakulima wa Songea wakilima shamba la mahindi, mara jembe likafukua kiumbe chembamba kisicho na miguu. Mmoja husema ni nyungunyungu. Mwingine hupiga kelele kwamba ni nyoka, na kiumbe huyo huuawa papo hapo. Yamkini wote wawili wamekosea. Katika sura hii tutasoma habari za mtu aliyeishi miaka mingi kusini mwa Tanzania, akiwakamata na kuwatambua wanyama wa namna hiyo.

Mtu huyo aliitwa Constantine John Philip Ionides. Alizaliwa Uingereza mwaka 1901, katika ukoo wenye asili ya Ugiriki. Alipokuwa kijana alijiunga na jeshi, akatumikia Bara Hindi, na katika miaka ya 1920 akaletwa Tanganyika. Baadaye aliacha jeshi akawa mwindaji. Wala hakuwa mwindaji mwema sikuzote, kwani kwa muda alikuwa jangili wa pembe za ndovu. Lakini mwaka 1933 aliajiriwa na idara iliyolinda wanyamapori, akawa bwana nyama, kama wananchi walivyowaita maofisa wa idara hiyo. Makao yake yalikuwa Liwale. Ukitoka Songea kuelekea mashariki utapita Namtumbo, kisha Tunduru. Liwale iko mbele zaidi, kaskazini-mashariki, katika Mkoa wa Lindi.

Huko alifanya kazi kubwa ya kulipanua Pori la Akiba la Selous. Yafaa tujue pia kwamba upanuzi huo ulikuwa na gharama. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Liwale, ikitaja ugonjwa wa malale, na ardhi waliyoiacha ikaongezwa katika pori. Ionides aliunga mkono jambo hilo. Tembo walipata nafasi. Watu waliacha nyuma mashamba na makaburi ya wazee wao.

Jina lake, hata hivyo, lilivuma kwa sababu ya nyoka. Alipoacha kazi ya serikali alihamia Newala, katika nyanda za juu za Wamakonde. Mwanakijiji aliyeona nyoka alikwenda kumwarifu akapewa zawadi, naye Ionides alifika na mti mrefu wenye koleo mwishoni, akamshika nyoka akiwa hai. Kwa namna hiyo alikamata maelfu ya nyoka. Bila macho ya wanakijiji asingeweza kuwapata wote hao. Watu wakamwita Bwana Nyoka. Aliumwa na nyoka mara nyingi, nawe usijaribu kamwe kumwiga.

Kwa nini ilikuwa lazima kumtambua kila nyoka barabara? Fikiri habari ya hongo na ukukwi. Wote wawili ni wa kijani, wembamba, na hupanda miti. Hongo ana meno ya sumu yenye tundu, yaliyo mbele ya taya la juu, na sumu yake hushambulia neva hata mtu akashindwa kuvuta pumzi. Ukukwi hana sumu kabisa. Kifutu naye, ambaye ni mnene na mvivu, ana sumu ya namna nyingine, inayoozesha nyama karibu na jeraha. Dawa ya kuponya sumu hutengenezwa kwa sumu yenyewe. Farasi huchomwa sumu kidogo kidogo, mwili wake hujenga kinga, kisha kinga hiyo hutolewa katika damu yake. Dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya kifutu haimsaidii mtu aliyeumwa na hongo. Kwa hiyo aliyekosea kumtambua nyoka angeweza kumpoteza mgonjwa.

Ionides alipeleka pia wanyama waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Huko wataalamu waliwachunguza na kuwapanga kwa utaratibu ulioanzishwa na Carl Linnaeus wa Uswidi. Mwaka 1758 Linnaeus alimpa kila mnyama aliyemfahamu majina mawili ya Kilatini. La kwanza ni la jamii ndogo ya wanyama wanaofanana sana. La pili ni la mnyama mwenyewe.

Miongoni mwa viumbe vilivyotoka Liwale alikuwamo mmoja mdogo aishiye chini ya udongo. Hana miguu. Macho yake yamefunikwa na magamba, na mwili wake una pingili kama nyungunyungu. Je, yumo katika kundi gani? Nyungunyungu hana mfupa hata mmoja, lakini kiumbe huyu ana uti wa mgongo; basi si nyungunyungu. Ngozi yake ni kavu, yenye magamba, tena anavuta hewa kwa mapafu. Basi yumo katika kundi la reptilia, pamoja na nyoka, mijusi, kobe na mamba. Lakini je, ni nyoka? Wataalamu walitazama ndani ya mwili. Kwa nyoka, pafu la kushoto ndilo dogo mno au halipo kabisa. Kwa kiumbe huyu na jamaa zake, pafu lililopungua ni la kulia. Basi si nyoka, bali ana kundi lake mwenyewe ndani ya reptilia. Hana sumu, na hula wadudu wa ardhini.

Mnyama huyo alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1950. Leo anaitwa Loveridgea ionidesii. Jina la kwanza linamkumbuka Arthur Loveridge, mtaalamu wa reptilia wa Afrika Mashariki. La pili linamkumbuka Bwana Nyoka.

Katika miaka yake ya mwisho Ionides aliugua mishipa ya damu ya miguu, akawa hawezi kutembea mbali. Alifariki mwaka 1968, akazikwa ndani ya Pori la Akiba la Selous. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kiumbe kisicho na miguu kingali kinachimba njia zake katika udongo wa Liwale, na wakulima wengi wangali wanamwita nyoka.