Cornelis Drebbel: Fundi aliyeufunza moto kujizima

MFUGAJI wa kuku wa Matungu, Kaunti ya Kakamega, anapotia mayai kwenye kiangulio huwa amekabidhi mtaji wake wa siku 21 kwa kifaa kidogo kiitwacho themostati, yaani kidhibiti-joto. Kazi ya kifaa hicho ni kukata moto pindi joto linapofikia kiwango kilichowekwa, na kuuwasha tena linaposhuka.

Kisipoukata, mayai huiva badala ya kuanguliwa. Mashine zenye feni huhitaji joto la karibu nyuzi 37.5 za Selsiasi. Likipita nyuzi 40 kwa saa kadhaa, viinitete huanza kufa. Katika eneo hili la Wawanga, lililotegemea miwa kwa miaka mingi hadi kampuni ya sukari ya Mumias ikawekwa chini ya meneja mrasimu mwaka 2019, trei chache za mayai zilizoharibika huenda zikawa ndizo karo ya mtoto.

Mtu aliyewatangulia wengine kuufanya moto ujidhibiti wenyewe aliaga dunia karibu karne nne zilizopita. Huyo ni Cornelis Drebbel, Mholanzi aliyezaliwa mjini Alkmaar mwaka 1572.

Drebbel hakuanza na moto. Ujanani alifunzwa kuchonga picha kwenye mabamba ya shaba na msanii mashuhuri Hendrick Goltzius, na mwaka 1595 akamwoa Sophia, dadake mwalimu huyo. Hata hivyo, mitambo ndiyo iliyomvutia zaidi. Mwaka 1598 alipewa hataza ya mfumo wa kusambaza maji na ya saa isiyohitaji kutiwa ufunguo.

Mwanzoni mwa karne ya 17 alihamia Uingereza, ambako Mfalme James wa Kwanza alimpa makao katika kasri la Eltham. Mwaka 1610 aliitikia mwito wa Maliki Rudolf wa Pili na kuelekea Prague. Bahati haikudumu: Rudolf aliponyang'anywa mamlaka, Drebbel alitiwa gerezani kwa muda, na mwaka 1613 akarejea London.

Huko ndiko alikojijengea jina. Kuanzia mwaka 1620 alionyesha katika Mto Thames chombo cha mbao kilichofunikwa kwa ngozi iliyopakwa mafuta, kilichopigwa makasia chini ya maji. Wanahistoria wengi hukihesabu kuwa nyambizi ya kwanza iliyofanya kazi.

Lakini uvumbuzi unaomgusa mfugaji wa leo ni tanuri lake la kuangulia mayai. Lilikuwa sanduku lililozungukwa na maji, huku moto ukiwaka chini yake. Ndani yake Drebbel aliweka chombo cha kioo kilichojaa pombe kali, na katika shingo ya chombo hicho akatia zebaki. Joto lilipopanda, pombe ilitanuka na kuisukuma zebaki. Zebaki ikauinua ufito, na ufito ukavuta wenzo uliofunga kilango cha hewa. Moto uliokosa hewa ulififia. Joto liliposhuka, kilango kilifunguka na moto ukapata uhai tena.

Hivyo kifaa hicho kilikuwa na sehemu tatu: inayohisi joto, inayopokea habari hiyo na kutenda, na inayoukata moto wenyewe. Chombo cha pombe kikivuja au ufito ukikwama, moto ungeendelea kuwaka bila breki.

Kiangulio cha umeme kina sehemu hizo hizo, na kisipozima joto, kasoro hutafutwa kwa mpangilio huo. Kwanza, kipimajoto cha pembeni huwekwa karibu na mayai ili kulinganisha. Kihisio kilichochomoka na kuning'inia penye hewa baridi huidanganya mashine kwamba ndani bado hakujapata joto, nayo huendelea kuchochea.

Kihisio kikiwa sawa, kiwango hushushwa chini ya joto lililomo. Balbu au koili inapaswa kuzimika. Rilei, yaani swichi inayoendeshwa na kidhibiti, ikialika lakini koili ibaki ikiwaka, kuna uwezekano mkubwa kwamba vichwa vya swichi hiyo vimeunganishwa na cheche. Kuigonga huenda kukaiachilia kwa muda, lakini itanata tena. Dawa yake ni kuibadilisha. Isipoalika kabisa, kidhibiti chenyewe ndicho cha kuchunguzwa. Kabla ya kufungua chochote, mashine huchomolewa kwenye umeme.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Themostati ya pili, iliyounganishwa ili nayo iweze kukata umeme wa koili na kuwekwa kiwango cha juu kidogo kuliko ya kwanza, huokoa mayai hiyo ya kwanza inaponata usiku watu wakiwa wamelala.

Drebbel mwenyewe hakutajirika kwa ubunifu wake. Mwishoni mwa miaka ya 1620 alitengeneza silaha za moto za jeshi la majini la Uingereza kwa ajili ya vita vya La Rochelle, lakini msafara huo haukufaulu. Miaka yake ya mwisho alijikimu kwa kuuza pombe jijini London, na huko akafariki mwaka 1633.

Hakuchapisha maelezo ya tanuri lake. Siri hiyo ilihifadhiwa na jamaa za Kuffler, ukoo wa wakwe waliooa binti zake wawili. Jina themostati lilikuja baadaye sana, mwaka 1830, pale Mskoti Andrew Ure alipopata hataza ya kifaa cha metali mbili. Kufikia wakati huo, kanuni ya Drebbel ilikuwa na umri wa karibu miaka 200: joto lenyewe ndilo litoe amri ya kuzima moto.