Béla Guttmann

Béla Guttmann (Budapest, 27 Januari 1899 – Vienna, 28 Agosti 1981) alikuwa mchezaji na kocha wa mpira wa miguu kutoka Hungaria. Anajulikana hasa kwa kubadilisha namna timu zake zilivyoshambulia, kwa kusaidia kueneza mfumo wa 4-2-4 nchini Brazil, na kwa kuiongoza Benfica ya Ureno kutwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya mara mbili mfululizo, mwaka 1961 na 1962. Nguzo za kikosi hicho zilikuwa pamoja na wachezaji waliozaliwa Msumbiji, nchi jirani ya Tanzania.

Maisha ya awali na uchezaji

Guttmann alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, wakati Hungaria ilipokuwa sehemu ya milki ya Austria-Hungaria. Wazazi wake walikuwa walimu wa dansi, naye alihitimu kazi hiyo akiwa bado kijana. Katika mpira alicheza nafasi ya kiungo. Akiwa na MTK ya Budapest alipata ubingwa wa Hungaria, kisha akahamia Hakoah, klabu ya Wayahudi wa Vienna, iliyokuwa bingwa wa Austria mwaka 1925. Aliichezea pia timu ya taifa ya Hungaria, ikiwa ni pamoja na Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1924.

Mwaka 1926 Hakoah ilifanya ziara Marekani, na Guttmann alikuwa miongoni mwa wachezaji waliobaki huko kucheza. Akiba yake ilipotea katika anguko la soko la hisa la New York mwaka 1929. Alirudi Ulaya na kuanza ukocha Vienna, kisha Uholanzi. Mwaka 1939 aliipa Újpest ya Budapest ubingwa wa Hungaria pamoja na Kombe la Mitropa, lililoshindaniwa na klabu za Ulaya ya Kati.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Wakati wa vita Wayahudi wa Hungaria waliteswa na kuuawa kwa wingi. Guttmann alijificha kwa muda darini mwa nyumba, kisha akapelekwa kwenye kambi ya kazi za kulazimishwa. Mwishoni mwa mwaka 1944 alitoroka pamoja na kocha mwenzake Ernő Egri Erbstein, ambaye baadaye alijulikana akiwa na Torino ya Italia. Baadhi ya jamaa wa karibu wa Guttmann waliuawa.

Ukocha baada ya vita

Baada ya vita alifundisha Hungaria, Romania, Italia, Argentina na Kupro. Mara nyingi hakukaa muda mrefu. Akiwa Kispest alikosana na mshambuliaji Ferenc Puskás na kuondoka. Mwezi Februari 1955 AC Milan ilimwachisha kazi ingawa ilikuwa ikiongoza ligi ya Italia. Ilimaliza msimu huo ikiwa bingwa chini ya kocha mwingine.

Mwaka 1957 alifika Brazil na timu ya Honvéd, akabaki kuifundisha São Paulo FC. Klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa jimbo la São Paulo mwaka huohuo.

Mfumo wa 4-2-4

Kwa miaka mingi timu nyingi zilicheza mfumo wa WM, wenye mabeki watatu. Katika 4-2-4 mabeki wanakuwa wanne, viungo wawili na washambuliaji wanne. Mawinga wawili hukaa pembeni na washambuliaji wawili katikati, hivyo mabeki watatu wa WM wanajikuta wakiwakabili watu wanne. Udhaifu wake ni kwamba viungo wawili wana eneo kubwa mno la kulinda.

Guttmann hakuuvumbua mfumo huo peke yake. Makocha wenzake wa Hungaria, Márton Bukovi na Gusztáv Sebes, walikuwa wameuandalia njia, na klabu za Brazil zilikuwa na majaribio yao. Mchango wake ulikuwa kuonyesha unavyofundishika. Alitaka mpira usikae mguuni: mchezaji apokee, apige pasi, asogee, na shambulio liishie kwa shuti. Vicente Feola, aliyefanya naye kazi São Paulo, ndiye aliyeiongoza Brazil kutwaa Kombe la Dunia la 1958 ikicheza 4-2-4.

Benfica

Guttmann alirudi Ulaya na kuipa Porto ubingwa wa Ureno mwaka 1959. Mara tu baada ya hapo alihamia Benfica, akaachana na wachezaji wengi wa zamani na kupandisha vijana. Benfica ilikuwa bingwa wa Ureno mwaka 1960 na 1961.

Tarehe 31 Mei 1961, mjini Bern, Benfica iliifunga Barcelona 3-2 na kuwa klabu ya kwanza, mbali na Real Madrid, kutwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Golikipa Costa Pereira na kiungo Mário Coluna walizaliwa Msumbiji. Nahodha José Águas alizaliwa Angola.

Habari za kijana Eusébio wa Lourenço Marques (leo Maputo) Guttmann alizipata kwa Bauer, mchezaji wa zamani wa São Paulo. Eusébio alifika Lisbon Desemba 1960. Katika fainali ya tarehe 2 Mei 1962 mjini Amsterdam, Puskás aliifungia Real Madrid mabao matatu kabla ya mapumziko, nayo ikaongoza 3-2. Guttmann alimpa Cavém kazi ya kumkaba Alfredo Di Stéfano, aliyekuwa akimlisha Puskás mipira. Benfica ilishinda 5-3, Eusébio akifunga mabao mawili.

Baada ya ushindi huo Guttmann aliomba nyongeza ya malipo, akanyimwa, akaondoka. Aliamini kwamba msimu wa tatu ni hatari kwa kocha yeyote, kwa kuwa wachezaji humzoea na wapinzani humsoma. Aliporudi Benfica msimu wa 1965–66 hakupata kombe lolote, na timu ilifungwa nyumbani 5-1 na Manchester United.

Kifo na kumbukumbu

Guttmann alifariki Vienna na kuzikwa huko. Inasimuliwa kwamba alipoondoka mwaka 1962 aliilaani Benfica isitwae kombe la Ulaya kwa miaka 100. Hakuna uthibitisho wa wakati ule, lakini masimulizi hayo yalipata nguvu kwa sababu Benfica ilipoteza fainali 8 za Ulaya kati ya mwaka 1963 na 2014.