Robert Kazadi, Kipa Aliyerudi Langoni



Wiki hii nilikuwa nimepanga kuandika jambo jingine kabisa, ila Jumapili iliyopita hapa kwetu Ihumwa kuna kitu kimetokea uwanjani na bado kinanikaa moyoni. Uwanja wetu mnaujua: vumbi tupu, nyavu hakuna, na upepo wa jioni ukianza mchanga unaula mpaka kwenye meno. Tulicheza na vijana wa kigango jirani, tukafungwa sita. Sita! Filimbi ya mwisho ilipolia kipa wetu (jina naliacha, mwenyewe anajijua) alivua glovu, akazitupa chini, akashika njia ya reli bila kuaga mtu. Tangu siku hiyo mazoezini haji. Kibaya zaidi, hata kwenye jumuiya hakuonekana.

Na sisi tuliobaki, tuseme ukweli, tulichangia. Tulicheka. Mtu mmoja akampa jina la utani kwenye grupu, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioweka vikatuni vya kucheka. Kwa hiyo leo nawaletea maisha ya kipa mmoja aliyefungwa mbele ya dunia nzima. Alishafariki siku nyingi. Simleti hapa kama mtakatifu, namleta kama kipa.

Jina lake Robert Kazadi. Alizaliwa tarehe 6 Machi 1947 katika mji wa Élisabethville, Katanga, enzi za Kongo ya Wabelgiji. Ndiyo Lubumbashi ya leo, mji wa shaba, ambako Kiswahili kinaongewa sokoni na nyumbani kama huku kwetu, ingawa kile cha kwao ukikisikia mara ya kwanza utatabasamu.

Timu aliyodakia wengi mnaijua: TP Mazembe. Tuliizoea kwa sababu ya Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu, waliokuwamo ilipobeba Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015. Ila ni wachache wanaojua kwamba timu hiyo ilianzia mikononi mwa watawa. Mwaka 1939 Wabenediktini, yaani familia ileile ya Mtakatifu Benedikto tunayoijua kwa Peramiho na Ndanda, walikuwa na shule ya Mtakatifu Bonifasi pale Élisabethville. Walikuwa na wanafunzi ambao hawakuwa na mpango wa kuwa mapadre, wakaona si vizuri vijana hao wakae hivihivi. Wakawaanzishia timu ya mpira, wakaiita Mtakatifu Georgi, msimamizi wa maskauti. Baadaye ikawa Mtakatifu Paulo, kisha Englebert, ambalo ni jina la matairi ya gari! Halafu katika miaka ya sitini, ilipoanza kuwapiga wote, ikajiongezea maneno ya Kifaransa yenye maana ya Mwenye Nguvu Zote. Hapo, jamani, mimi nasita kidogo, maana jina hilo tunajua ni la nani. Lakini ndiyo mambo ya mpira.

Kazadi aliingia kwenye timu hiyo wakati wake mzuri kuliko wote. Kombe la klabu bingwa Afrika la 1967 walilichukua kwa namna ya ajabu kidogo. Fainali na Asante Kotoko ya Ghana ilikwisha kwa sare huku na huku, 1-1 kule Kumasi na 2-2 huko Kongo, na Kotoko hawakutokea kwenye mechi ya marudiano iliyopangwa Cameroon. Mwaka 1968 hakukuwa na ubishi: waliifunga Étoile Filante ya Togo mabao 5-0 nyumbani, wakaenda kufungwa 4-1 ugenini, na kombe likabaki Lubumbashi. Hakuna klabu iliyokuwa imewahi kulitwaa mara mbili mfululizo. Wakafika tena fainali 1969 na 1970, zote wakapoteza, ya kwanza kwa Ismaily ya Misri na ya pili kwa Kotoko haohao, tena wakafungwa palepale nyumbani kwao. Fainali nne ndani ya miaka minne. Hebu fikiria timu yako mtaani ifike fainali nne mfululizo, halafu mbili za mwisho urudi nyumbani mikono mitupu.

Januari 1968 timu ya taifa ya Kongo ilikwenda Ethiopia kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Kazadi hakuwa ametimiza hata miaka 21. Kwenye makundi Ghana waliwafunga 2-1. Kwenye fainali pale Addis Ababa, tarehe 21 Januari, wakakutana na Ghana haohao, ambao walikuwa mabingwa mara mbili mfululizo. Kongo wakapata bao moja la Pierre Kalala, basi, kazi iliyobaki ikawa ya kulinda. Wakalinda mpaka mwisho. Mchezaji bora wa mashindano akatajwa Kazadi. Angalieni hapo: tuzo za namna hiyo kwa kawaida huenda kwa wafungaji, maana bao linaonekana, ila bao lililozuiwa haliandikwi popote. Mwaka 1973, kura za mchezaji bora wa Afrika zilipopigwa, wa kwanza akawa Tshimen Bwanga, wa pili Kazadi, wote wa klabu moja. Beki na kipa!

Katikati ya miaka hiyo kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Rais Mobutu alianzisha siasa yake ya kurudi kwenye asili. Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaire, na mwaka uliofuata majina ya ubatizo yakapigwa marufuku. Kadinali Joseph Malula wa Kinshasa alipinga, na akalazimika kuondoka nchini kwa muda, akakaa Roma. Rais mwenyewe aliacha jina lake la Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Na kipa wetu Robert akawa Kazadi Mwamba. Ndiyo maana ukitafuta habari zake utamkuta kwa majina mawili kama watu wawili tofauti. Kubeba jina la kiafrika si kosa, wengi wetu tunayo na tunajivunia. Ila jina ulilopewa kisimani, ukaambiwa na serikali kwamba kuanzia leo ni haramu kulitaja, hilo ni jambo jingine.

Sasa tufike 1974. Machi ile, kule Misri, Zaire walibeba tena Kombe la Mataifa. Nusu fainali walikuwa nyuma 2-0 mbele ya wenyeji wakashinda 3-2. Fainali na Zambia ikaisha 2-2, ikarudiwa siku mbili baadaye, wakashinda 2-0, mabao yote mawili ya Ndaye Mulamba, aliyefunga tisa kwenye mashindano yale. Mobutu akawapa wachezaji magari na nyumba. Tayari walikuwa wameshafuzu Kombe la Dunia la Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika huko. Kocha wao, Blagoje Vidinić, alikuwa Myugoslavia, na yeye mwenyewe enzi zake alikuwa kipa wa taifa lake. Shikeni hilo.

Tarehe 14 Juni, Dortmund, wakafungwa na Scotland 2-0. Si aibu hata kidogo, na walicheza mpira wa kuangalika. Ila nyuma ya pazia mambo yalikuwa mabaya. Kama wachezaji walivyosimulia baadaye, waligundua kwamba pesa walizoahidiwa hawatazipata, viongozi wamezila. Wakataka kugoma. Wakabembelezwa, wakatishwa, wakaingia uwanjani Gelsenkirchen tarehe 18 Juni wakiwa miili tu. Mpinzani wao siku hiyo Yugoslavia, nchi ya kocha wao.

Dakika ya 8, bao. Dakika ya 14, la pili. Dakika ya 18, la tatu. Na dakika ya 21 ubao ukanyanyuliwa: Kazadi atoke.

Wale mnaodaka mtanielewa. Mshambuliaji akitolewa anapigiwa makofi, kesho anaanza upya. Kipa ambaye hajaumia hatolewi. Ukimtoa umeuambia uwanja mzima kwamba tatizo ni huyu hapa. Na huyu alikuwa bingwa wa Afrika mara mbili, mwenye umri wa miaka 27, anatembea kwenda kwenye benchi mbele ya kamera za dunia. Aliyeingia ni Tubilandu Dimbi, kijana mfupi wa kimo, na dakika moja tu baadaye naye akaokota mpira nyavuni. La nne. Refa akamtoa Ndaye kwa kadi nyekundu kwa kosa ambalo lilifanywa na Mwepu Ilunga, akakataa kusikiliza. Ikawa 6-0 wakienda mapumziko, mwisho 9-0. Kazadi alikaa kwenye benchi dakika 69 akihesabu. Watu wakaanza kunong'ona juu ya kocha na nchi yake, wengine wakasema amri ilitoka kwa mkubwa wa serikali aliyekuwa kwenye msafara.

Hesabu yenyewe ni hii, na nimeifanya mara mbili ili nisimwonee mtu: katika yale tisa, Kazadi alifungwa matatu, sita ni ya baada ya kutolewa. Lakini ukisikia watu wanakumbuka Zaire ya 1974, wanasema tisa, na kipa aliyeandikwa namba moja ni Kazadi. Nadhani hata kijana wetu wa Ihumwa anajua ladha ya kitu hicho. Yale sita ya Jumapili, mawili beki zake waligongana wao kwa wao, na moja niliharibu mimi, nikirudisha mpira nyuma bila kuangalia. Sikumbuki kama kuna mtu alinipa jina la utani.

Mechi ya mwisho ilikuwa tarehe 22 Juni, siku nne tu baadaye, uwanja uleule wa Gelsenkirchen. Mpinzani Brazil, bingwa mtetezi. Wachezaji walikuja kueleza kwamba walinzi wa Mobutu walifika hotelini na ujumbe mfupi: wakifungwa manne wasifikirie kurudi nyumbani. Na Brazil wao, kwa jinsi kundi lilivyokuwa, walihitaji matatu ili wawapite Scotland.

Kwenye lango la Zaire akasimama Kazadi.

Mimi hapo ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwenye yale makombe. Sijali sana alitaka mwenyewe au alipangwa. Alivaa jezi, akapita kwenye mlango uleule, akaenda kusimama kati ya nguzo mbili kwenye nyasi zilezile alizotolewa Jumanne. Ukisoma habari za Petro baada ya Pasaka utaona kitu kinachofanana: yule aliyekana mara tatu, hakutafutiwa kazi nyingine ndogo ya kumficha. Alirudishiwa ileile.

Jairzinho akafunga dakika ya 12. Kisha kwa karibu saa nzima Brazil hawakupata kitu, timu ya Rivellino na Jairzinho inagonga ukuta. Rivellino akafunga dakika ya 66. Halafu dakika ya 79 Valdomiro akapiga shuti kutoka kulia, la kawaida kabisa, la kudakwa. Kazadi akalala, mpira ukampita chini ya mwili ukaingia. 3-0. Ningependa niwaambie kwamba alirudi akadaka kila kitu, lakini siyo ilivyokuwa. Alirudi, akadaka mengi, na moja akalichoma vibaya. Scotland wakaondoka mashindanoni bila kufungwa mechi hata moja, na wengine mpaka leo wanalitaja bao hilo kwa uchungu.

La nne halikuingia. Zilibaki dakika kumi na moja na hali ya hewa ndani ya vichwa vyao sijui ilikuwaje. Ni katika mechi hiyohiyo Mwepu alichomoka kwenye ukuta akaupiga mbali mpira wa adhabu wa Wabrazili kabla hawajaupiga wao, na dunia ikacheka, eti Waafrika hawajui sheria. Mtu aliyekuwa amecheza fainali za Afrika, asijue sheria! Huyo alikuwa anakula muda, ameogopa. Nyuma yake, mlangoni, alikuwa Kazadi.

Wakarudi nyumbani na hakuna aliyewapokea kama mwezi Machi. Pesa za serikali zikaacha kwenda kwenye mpira, na wengi wa kikosi kile walizeeka katika umaskini. Ndaye, mfungaji wa yale tisa ya Misri, alipigwa risasi mguuni na majambazi mwaka 1994, akaishia ukimbizini Afrika Kusini. Kazadi alifariki mwaka 1996, hajafika hata miaka hamsini. Mwaka uliofuata Mobutu akaangushwa, na jina la Zaire likafutwa. Robert hakuiona siku hiyo. Mkiwaombea marehemu jioni, mtajeni kwa jina hilo.

Na wewe uliyeshika njia ya reli Jumapili: nimefuta nilichoandika kwenye grupu, na nimewaomba wenzangu wafute cha kwao. Glovu zako niliziokota, nimezifua, ziko kwangu. Kidole cha kushoto kilikuwa kimefumuka, mama amekishona. Jumamosi saa kumi jioni, uwanja uleule.