Fraunhofer: Yatima wa karakana aliyepima rangi za mwanga

Vijana wengi wa Bondeni, Nakuru, wanaijua MP3. Wasichojua ni kwamba teknolojia hiyo ya muziki ilikuzwa Ujerumani, kwenye taasisi inayoitwa Fraunhofer. Mwenye jina hilo hakuwahi kuona kompyuta. Alikuwa yatima aliyeanza maisha kama mwanagenzi wa fundi wa vioo.

Joseph Fraunhofer alizaliwa 1787 mjini Straubing, mtoto wa 11 wa fundi wa vioo. Kufikia umri wa miaka 11, baba na mama wote walikuwa wamefariki. Akapelekwa Munich afunzwe kazi miaka sita bila mshahara. Na kusoma je? Tajiri wake hakutaka hata kusikia.

Julai 1801 nyumba ya karakana ikaporomoka. Mke wa tajiri alifariki, lakini Joseph, mwenye miaka 14, akatolewa kwenye vifusi akiwa hai baada ya saa kadhaa. Mtawala wa Bavaria, aliyefika kutazama uokoaji, akampa pesa. Mwingine angezila zote. Yeye akanunua mashine ya kusaga vioo, kisha akalipa ili aachiliwe na tajiri mapema.

Mwaka 1806 akaajiriwa na kampuni ya kutengeneza darubini. Shida ya darubini za wakati huo ilikuwa moja: picha zilizungukwa na ukingo wa rangi. Newton alikuwa ameshaonyesha kwamba mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi. Hewani zinakimbia karibu sawa, kama kilomita 300,000 kwa sekunde. Zikiingia kwenye kioo, mwendo unashuka hadi karibu 200,000, ila si kwa usawa. Zambarau inacheleweshwa kuliko nyekundu, kwa hivyo inapinda zaidi, na kila rangi inatua mahali pake.

Dawa ni kuunganisha lenzi za aina mbili za kioo, moja irekebishe kosa la nyingine. Lakini lazima kwanza upime kila kioo kinapinda kila rangi kiasi gani. Sasa utapimia wapi, ilhali nyekundu inayeyukia kwenye manjano bila mpaka?

Mwaka 1814 alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu na kuutazama kwa darubini. Kumbe katikati ya rangi kulikuwa na mistari myeusi, zaidi ya 500, isiyohama kamwe! Akaipa ile mikubwa herufi, akaitumia kama alama za rula. Lenzi zake zikawa bora kuliko zote Ulaya.

Kifua kikuu kilimuua 1826, akiwa na miaka 39 tu. Mwaka 1859 Kirchhoff na Bunsen wakagundua maana ya mistari ile: ni alama za elementi zilizomo juani, kama sodiamu na chuma.

Kwa hivyo ukipita kibanda cha vioo mtaani uone rangi za upinde wa mvua ukutani, jua kwamba nyekundu ilitangulia kutoka kwenye kioo. Zambarau imechelewa kidogo tu.