Al-Khwarizmi: Mwanachuoni Aliyeipanga Hesabu kwa Hatua

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Ndugu Waislamu, hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, wapo vijana wanaotamani kujifunza kuandika programu za kompyuta, lakini hukata tamaa kwa kuwa alama zao za hisabati ni ndogo. Baadhi ya wazazi nao huwaambia kwamba fani hiyo si yao. Kabla ya kuwafungia mlango, natuyatazame maisha ya mwanachuoni ambaye jina lake limo ndani ya fani hiyo.

Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alizaliwa yapata mwaka 780 Miladia. Nisba yake yatokana na Khwarizm, nchi iliyo kusini mwa Bahari ya Aral. Alifanya kazi Baghdad, katika Baytul Hikma, zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala mwaka 813 hadi 833. Alitunga majedwali ya falaki na kitabu cha jiografia, na akaeleza namna ya kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi. Maelezo hayo yalipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, jina lake liliandikwa Algoritmi. Hapo ndipo lilipotoka neno algoriti, yaani mpango wa hatua zinazofuatana mpaka jibu lipatikane. Alifariki yapata mwaka 850.

Kitabu chake mashuhuri, cha al-jabr na al-muqabala, alikiandika yapata mwaka 820, nacho ndicho kilichoipa aljebra jina lake. Alikusudia kuwafaa watu katika biashara, upimaji wa ardhi, wasia na mirathi. Hakutumia herufi wala alama. Alieleza yote kwa maneno. Aliigawa milinganyo mafungu sita, akalipa kila fungu hatua zake, kisha akachora miraba kuonyesha kwa nini hatua hizo ni sahihi.

Mirathi yenyewe ni ushahidi. Tuseme marehemu ameacha shilingi 3,000,000, mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Kwanza hutolewa gharama za maziko na madeni, tuseme 600,000, hubaki 2,400,000. Kisha huulizwa: je, ana mtoto? Kama hana, mke hupata robo. Kama anaye, thumuni, yaani 300,000. Zinazobaki 2,100,000 hugawanywa mafungu matatu: mwana wa kiume 1,400,000, wa kike 700,000. Anayeanza kugawa kabla ya deni humpa mke 375,000, naye mdai hudhulumiwa. Hesabu zake za kugawanya ni sahihi, lakini mpangilio umeharibika.

Kompyuta nayo huendeshwa hivyo hivyo: hatua kwa mpangilio, na sharti linaloamua njia. Kijana aliyeielewa mirathi madrasa ameshaonja algoriti. Kwa kuanzia, anahitaji kujumlisha, kulinganisha na kuwa na subira ya kutafuta kosa lilipo.

Hata hivyo, hatusemi hisabati iachwe. Atakayetaka kulinda siri za mawasiliano au kuifundisha mashine kutambua picha, ataihitaji sana. Al-Khwarizmi hakuishia kwenye hatua. Alichora miraba ili mwanafunzi afahamu sababu. Basi wazazi, msiwazuie watoto kwa alama za mtihani mmoja. Waacheni waanze, na hisabati waendelee kuisoma sambamba.

Wabillahi tawfiq.