Wimbo Katikati ya Dhoruba

Soma Marko 4:35–41. Zaburi 56:3, 4. 1 Yohana 4:18.

Oktoba 1735, John Wesley alipanda meli iliyoitwa Simmonds kutoka Uingereza kwenda Georgia, Amerika. Alikuwa kasisi mwenye umri wa miaka 32, msomi wa Oxford, mtu wa kufunga, kuomba na kuwatembelea wafungwa. Alikwenda kuwahubiria wengine habari za wokovu. Hata hivyo, yeye mwenyewe aliogopa kufa.

Ndani ya meli hiyo walikuwamo Wamoravian 26 kutoka Ujerumani. Wesley aliwaangalia kwa makini. Walifanya kazi za chini ambazo abiria Waingereza hawakutaka kuzigusa, na hawakukubali malipo. Waliposukumwa au kupigwa, waliondoka bila kulalamika.

Jioni ya Januari 25, 1736, Wamoravian walikuwa wameanza ibada yao kwa kuimba zaburi. Ghafla bahari ikapanda juu ya meli, ikalipasua tanga kuu, na maji yakamiminika hadi ndani. Waingereza wakapiga mayowe. Wamoravian wakaendelea kuimba. Baadaye Wesley alimwuliza mmoja wao kama hakuogopa. Alijibiwa kwamba hakuna aliyeogopa kufa, hata wanawake na watoto wao.

Jibu hilo lilimfuata Wesley kwa muda mrefu. Huduma yake Georgia haikufanikiwa, naye akarudi Uingereza mwanzoni mwa 1738 akiwa ametambua kwamba elimu, bidii na matendo mema havikumwondolea hofu. Alikuwa akijitegemea mwenyewe. Mei 24, 1738, katika mkutano mdogo kwenye mtaa wa Aldersgate, London, alisikiliza dibaji ya Luther kwa Waraka wa Warumi ikisomwa. Hapo akaona moyo wake ukimtumaini Kristo peke yake kwa wokovu, akapata hakika kwamba dhambi zake zimeondolewa.

Je, imani hiyo ingestahimili dhoruba nyingine? Oktoba 1743, huko Wednesbury, kundi la watu wenye ghasia lilimkamata na kumburuta usiku, wengine wakitaka auawe. Alipigwa, lakini hakupoteza utulivu. Aliomba kwa sauti katikati yao, na mmoja wa viongozi wa kundi hilo akageuka kuwa mlinzi wake. Wesley aliendelea kuhubiri hadi uzee wake, akafariki kwa amani mwaka 1791, akiwa na miaka 87.

Mungu hakumtupa Wesley kwa sababu aliogopa. Aliitumia hofu ile kumwonyesha mahali tumaini lake lilipokuwa limeegemea. Nao Wamoravian hawakuanza kumtumaini Mungu mawimbi yalipopanda. Walikuwa wakimtumaini kila siku, katika kazi ndogo na katika kudharauliwa.

Maswali ya Kujadili

1. Hofu yako kubwa leo inakuonyesha nini kuhusu mahali unapoweka tumaini lako?

2. Ni mazoea gani ya kila siku yanayoweza kuiandaa familia yako kumtumaini Mungu kabla dhoruba haijaja?

3. Kundi lenu linawezaje kumsaidia mshiriki mwenye hofu bila kumhukumu?