Beryl Markham: Binti wa Njoro aliyesoma farasi kwa kiganja

Ukitaja Beryl Markham, wengi watakwambia ni yule mzungu wa ndege. Sawa, ndege tutaifikia. Lakini kama umewahi kupita Ngong Road Jumapili ukaona magari yamejipanga kuingia uwanja wa mbio za farasi, basi uko karibu zaidi na stori yake kuliko ile ya angani.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1902. Akiwa na miaka 4 alikuwa tayari Njoro, ambapo babake, Charles Clutterbuck, alianzisha shamba na mazizi ya farasi wa mbio. Ardhi yenyewe ni ile ya enzi za ukoloni, na unajua ilivyopatikana. Mamake hakuweza maisha hayo. Alirudi Uingereza na kakake Beryl, msichana akabaki na babake. Akakua akiongea Kiswahili, akiwinda na vijana wa Kikalenjin wa pale shambani. Mmoja wao aliitwa Kibii, baadaye Arap Ruta. Shikilia hilo jina.

Shule ilimshinda, au yeye aliishinda shule. Alipelekwa Nairobi akafukuzwa. Sisi tulioacha masomo njiani tunamwelewa, ingawa sisi hatukuwa na mazizi ya kurudi. Darasa lake likawa farasi. Kisha karibu mwaka 1920 ukame na madeni vikammaliza babake kibiashara, mzee akaondoka kwenda Peru. Beryl hakumfuata. Kabla ya kutimiza miaka 20 alikuwa na leseni ya kufunza farasi wa mbio, mwanamke wa kwanza Kenya kuipata.

Sasa hebu tuelewane hiyo kazi ni nini, maana si kukimbiza mnyama mpaka achoke. Farasi haongei. Hatakwambia goti linauma. Kwa hivyo mkufunzi anaamka kabla ya jua na kuanza na ndoo ya chakula: amemaliza ama amebakisha? Farasi anayeacha chakula ana jambo. Halafu anapitisha kiganja miguuni, polepole, kutoka gotini kwenda chini, kwenye kano za nyuma ya mguu. Akihisi joto mguu mmoja kuliko mwingine, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha. Anaangalia manyoya kama yanang'aa. Anaangalia mbavu: zikifichwa na mafuta, bado hajawa tayari, zikitokeza sana, amepitilizwa. Baada ya kumkimbiza anasikiliza pumzi inachukua muda gani kutulia. Hiyo pumzi ndiyo ripoti yenyewe.

Noma ni kwamba utayari wa pumzi na uzima wa miguu huvutana. Ukimkimbiza sana, mapafu yanakuwa sawa lakini kano zinaisha. Ukimhurumia, miguu inabaki mizima lakini siku ya mbio anaishiwa na hewa kabla ya mwisho.

Mwaka 1926 Beryl alibanwa katikati ya hizo mbili. Alikuwa akimwandaa dume mmoja, Wrack, kwa mbio za Kenya St Leger. Zikiwa zimebaki wiki chache, mwenye farasi akamwondoa na kumpeleka kwa mkufunzi mwingine. Hebu fikiria: kazi yako yote, kisha mtu mwingine anakuja kuchukua sifa. Alichobakia nacho ni jike aitwaye Wise Child, mwenye damu nzuri lakini kano zilizokuwa zimeumizwa na mazoezi makali mapema mno.

Hapo ndipo kiganja kilifanya kazi. Yeye na Ruta walimlea huyo jike siku baada ya siku, wakimpa mbio za kutosha tu kujenga pumzi, wakichunga miguu isipate moto. Kila asubuhi ilikuwa ni uamuzi upya. St Leger ni takriban mita 2,800, si mchezo kwa miguu ya aina hiyo. Siku ilipofika, Wise Child alimpita Wrack na kushinda.

Ukiniuliza, ushindi huo unamfaa zaidi kuliko wa 1936, ingawa ndio uliomfanya ajulikane duniani. Septemba mwaka huo alipaa peke yake kutoka Uingereza, akavuka Atlantiki kuelekea magharibi kwa zaidi ya saa 20, akaangukia kwenye matope ya Nova Scotia, Kanada, mafuta yakiwa hayafiki kwenye injini. Alitoka mzima. Mwaka 1942 akatoa kitabu, West with the Night, kikasahaulika mpaka kilipochapishwa tena 1983.

Baada ya Vita vya Pili alirudi Kenya, akarudi kwa farasi. Alishinda Kenya Derby mara 6.

Na Ruta? Alimfuata Beryl kutoka mazizini hadi kwenye ndege, akiwa mtu wake wa kuaminika zaidi. Tunachojua kumhusu kinatoka karibu chote kwenye kalamu ya Beryl. Mikono iliyopapasa zile kano ilikuwa minne, lakini rekodi inataja mkufunzi mmoja.

Beryl alifariki Nairobi Agosti 1986, akiwa na miaka 83. Alikuwa akiishi kwenye nyumba ndogo ndani ya uwanja wa Ngong, karibu na farasi.